Upepo wa Ziwa Turkana

Siku za likizo zikaribiapo, watu wa Kitale, Eldoret na Nakuru huanza kusikika wakizungumza habari za kwenda kaskazini kuvua samaki. Zamani mchezo wa kuvua kwa fimbo na kulala katika hema ulidhaniwa kuwa wa Wazungu peke yao, na Mwafrika aliyeonekana katika kambi zao alikuwa mpishi au mbeba mizigo. Siku hizi mwalimu, karani, dereva na mwenye duka huchanga fedha zao, wakakodi gari, wakanunua hema na ndoana, na kuifuata barabara ya Lodwar mpaka Ziwa Turkana. Jambo hili ni jema. Nchi ni yao, na haifai ijulikane kwa wageni kuliko ijulikanavyo kwa wenyewe. Lakini kila apigaye kambi kando ya ziwa lile yampasa kujua kwamba ameingia mahali ambapo kosa dogo, ambalo nyumbani lingemletea aibu tu, huko laweza kumwua.

Ajabu ni kwamba wengi wao huogopa yasiyo makubwa na kuyasahau yaliyo makubwa. Wafungapo mizigo yao, mmoja husema habari za simba, wa pili habari za nyoka, wa tatu hutia panga chini ya kiti cha gari kwa ajili ya wezi. Habari za upepo hakuna aulizaye. Na upepo ndio bwana wa ziwa lile.

Ziwa hili, ambalo liliitwa Ziwa Rudolf mpaka mwaka wa 1975, lina urefu wa kilometa 250 hivi, na upana wake mahali pengi ni kilometa 30 au zaidi. Limezungukwa na jangwa, wala halina mto utokao. Maji yake, ambayo sehemu kubwa huletwa na mto Omo wa Ethiopia, hupotea kwa kukaushwa na jua tu. Upande wa kusini-mashariki umesimama mlima Kulal, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, na chini yake ni kijiji cha Loiyangalani. Mtu asimamaye pale wakati wa alasiri aweza kuyaona maji yametulia, rangi yake kijani kibichi, akastaajabu kwa nini wenyeji huyaheshimu hivyo. Basi na angoje mpaka usiku.

Upepo hutoka kusini-mashariki. Wataalamu wa hali ya hewa hueleza kwamba hewa itokayo Bahari ya Hindi hukuta milima ya Ethiopia upande mmoja, na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na katikati yake pana njia ya nchi ya chini. Hewa yote hujisonga ipite hapo, mfano wa maji ya mpira wa bustani yaongezavyo kasi mtu akiuziba mdomo wake nusu kwa kidole. Usiku hewa iliyo juu ya milima ikisha kupoa, huteremka kwa nguvu na kuuzidisha upepo. Kwa hiyo aghalabu upepo huwa mkali usiku na asubuhi, na hulegea mchana ukisha kusogea. Hiyo ni desturi yake tu, wala si ahadi, maana ziko siku ambazo haulegei hata kidogo. Tena nguvu yake si hadithi ya wazee. Si mbali na Loiyangalani imesimamishwa minara 365 ya kutoa umeme kwa upepo, iliyozinduliwa mwaka wa 2019, yenye uwezo wa megawati 310. Watu wenye fedha hawajengi minara kama ile mahali penye upepo wa mchezo.

Yafaa mgeni afahamu jinsi upepo huu unavyodanganya. Upande wa mashariki, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Maji yaliyo karibu na ufuko hayajapata nafasi ya kuinuka, kwa hiyo huonekana laini, na mashua hutoka kwa urahisi kana kwamba inasukumwa na mkono wa rafiki. Kila hatua ya kwenda mbele mawimbi yanakua, na mvuvi ambaye uso wake umeelekea ndoana zake hajui mpaka ageuke kurudi. Hapo ndipo aonapo kwamba upepo ule uliomsaidia umekuwa ukuta. Mashine ikizimika saa hiyo, mashua huchukuliwa kwenda magharibi, na ng'ambo ni mbali. Upande wa magharibi, yaani Kalokol na Eliye, mambo ni kinyume chake. Huko mawimbi huvunjika ufukoni mbele ya macho ya watu wote, na mwenye akili haingii. Hatari ya huko ni ya yule aliyetoka wakati wa utulivu, akaenda mbali, labda mpaka Kisiwa cha Kati, akalala huko, kisha asubuhi akataka kurudi kwa haraka. Mawimbi humfuata kwa nyuma, mashua ikateleza juu yake, ikageuka ubavu, ikajaa maji.

Mwaka wa 1934 msafara wa wataalamu wa Kiingereza ulikuwa ukichunguza nchi za ziwa hili. Kiongozi wake alikuwa Vivian Fuchs, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kuongoza safari ya kuvuka bara la barafu la Antaktika. Watu wawili wa msafara ule, W. S. Dyson na W. R. H. Martin, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini ili wakichunguze. Hawakurudi. Walitafutwa wasionekane, wala miili yao haikupatikana. Haifai kuwacheka, kwa maana hawakuwa watu wa ovyo. Walikuwa na elimu, walikuwa na kazi maalumu, na wenzao walijua walikokwenda. Ikiwa watu kama hao walipotea, basi kundi la marafiki lililotoka mjini Ijumaa jioni lingefanya vema kujiuliza lina nini walichokosa wale.

Na itazamwe safari ya watu wanne ambao mfano wao si mgeni katika fuko zile. Wana siku nne za likizo. Siku ya kwanza imekwisha njiani, ya mwisho itakwisha njiani, kwa hiyo siku za kuvua ni mbili tu. Mashua wamekwisha kuikodi na fedha zimetoka. Asubuhi wanafika ufukoni na kumkuta mzee mmoja ameketi akishona wavu wake, na mashua za wenyeji zote zimevutwa juu ya mchanga.

“Hujambo, Mzee.”

“Sijambo, wanangu. Karibuni.”

“Mzee, twataka kwenda kisiwani. Watu wa hapa mbona hawajatoka?”

“Wanangoja. Nanyi ngojeni. Upepo huu haujamaliza kazi yake.”

“Lakini, Mzee, mashine yetu ni ya nguvu za farasi arobaini.”

“Ni nzuri, nimeiona. Ngojeni pamoja nayo.”

Mzee hasemi zaidi, maana si desturi ya wazee kubishana na wageni walioomba shauri kisha wakalikataa. Wale wanne husogea kando. Dereva asema mzee ni mwoga. Karani asema kwamba Jumatatu saa mbili lazima awe mezani pake. Mwenye duka ataja fedha za mashua. Mwalimu peke yake atazama zile mashua zilizovutwa juu, lakini haya yamzuia kunena, asije akaonekana kuwa mtoto mbele ya wenzake. Basi huondoka.

Huenda wakafika na kurudi salama, na hilo nalo ni baya kwa namna yake, maana mwaka utakaofuata watakwenda kwa ujasiri zaidi na kuwaambia wengine kwamba maneno ya wazee ni vitisho. Lakini mtu akitafuta chanzo cha ajali nyingi za namna hii, hataona kwamba ni ujinga wa kutojua. Mashua zilizovutwa mchangani ziliwaambia yote. Chanzo ni hesabu ya siku na fedha. Kwa hiyo dawa yake huanzia mjini, kabla safari haijafungwa: ziongezwe siku mbili ambazo hazina kazi, na zihesabiwe tangu mwanzo kuwa ni siku za upepo. Asiyeweza kupata siku hizo na avue kutoka ufukoni, mahali ambapo wenyeji wamemwonyesha. Samaki wako huko pia.

Mashua yenyewe itazamwe kabla ya kulipa. Kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha, na alivae mwilini, maana jaketi lililokaliwa kama mto halijamwokoa mtu. Pawe na makasia mawili hata kama mashine ni mpya, kopo la kukumbia maji, kamba ndefu, nanga, plagi ya akiba pamoja na spana yake, na petroli ya kwenda, ya kurudi, na nyingine kiasi cha theluthi kwa ajili ya upepo. Tangu maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya karibuni, miti ya ufukoni imezama mahali pengi, na vichwa vya mikoma iliyokufa vimejificha chini kidogo ya maji. Kwa hiyo asiingie mtu wala kutoka wakati wa giza, na nahodha awe mwenyeji.

Ikiwa mashua imepinduka, neno ni moja: watu wasiiache. Ufuko huonekana karibu kwa macho ya mtu aliye majini, naye huanza kuogelea, nguvu zikamwishia njiani. Mashua iliyopinduka aghalabu huendelea kuelea, na wanaotafuta huiona kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. El Molo na Waturkana wa zamani walivua juu ya chelezo cha magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Chombo kile kilionekana duni machoni pa wageni, lakini magogo hayajai maji yakazama, na mtu aliyeangushwa na wimbi alikuwa na kitu cha kurudi na kushika.

Samaki nao wana hatari zao, ingawa ni ndogo zaidi. Mbuta wa ziwa hili, ambaye watu wa Tanzania humwita sangara, aweza kupita kilo mia moja. Mvuvi azungushaye mshipi mkononi ili ushikike vizuri, akikutwa na samaki wa namna hiyo, hukatwa nyama ya vidole au kuvutwa majini. Mshipi hushikwa, hauzungushwi. Kambare ana miiba katika mapezi yake ya kifuani, na jeraha lake likioshwa ovyo huvimba. Ndoana ikinasa ziwani, ikatwe. Thamani yake ni shilingi chache, na wengi walioingia majini mpaka kiunoni ili kuiokoa walikuwa wamesahau mamba.

Juu ya mamba imeenea hadithi kwamba wale wa Turkana hawamdhuru mtu kwa sababu maji yana magadi na samaki ni tele. Ni kweli kwamba samaki ni tele. Alistair Graham, aliyewachunguza mamba hao katika miaka ya 1965 na 1966, alikadiria kwamba walikuwa zaidi ya elfu kumi. Lakini mamba hajasoma hadithi hiyo, na watu wamekwisha kuuawa. Maji yachotwe kwa ndoo yenye kamba, mtu akisimama mahali pa juu, tena isiwe mahali pale pale kila siku kwa saa ile ile, kwa kuwa mnyama huyu ana subira ya kutazama desturi za watu. Samaki wasipasuliwe ukingoni pa kambi. Hema liwe hatua mia au zaidi kutoka kwenye maji, na mbali na vijia vilivyokanyagwa, kwa maana mahali penye viboko, njia hizo ni zao usiku waendapo malishoni, na kiboko akikuta kitu kati yake na maji hakizunguki.

Jambo la pili baada ya upepo ni maji ya kunywa. Mnamo mwezi wa Machi 1888, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipolifikia ziwa hili pamoja na wapagazi wao wa pwani, msafara ulikuwa umeteswa na kiu katika mawe ya moto ya kusini. Waliyakimbilia maji kwa furaha, wakayaonja, wakakuta ni ya chumvichumvi. Hayajabadilika. Yana magadi, tena yana madini ya floraidi kwa wingi, ambayo huharibu meno na mifupa ya wayatumiao miaka mingi. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakutoi chumvi wala floraidi. Mtu aliyepotea na ayanywe, kuliko kufa kwa kiu. Lakini mtu asafiriye kwa mpango na achukue maji yake mwenyewe, yasiyopungua lita tano kwa kila mtu kwa kila siku, na ya siku mbili zaidi. Yagawanywe katika madebe mengi, wala si pipa moja, ili debe moja likitoboka kiu isiwashike wote.

Na gari likiharibika katika jangwa, wenye gari wakae nalo. Wazo la kwanza la mtu mwenye nguvu ni kuondoka kwa miguu akatafute msaada, naye akiona kilima mbele yake hudhani ni mwendo wa saa moja, kumbe hewa ya jangwa huvuta vitu karibu. Gari lina kivuli, lina maji, lina vioo vya kumulikia jua, nalo huonekana. Tairi la akiba likichomwa kwa petroli kidogo hutoa moshi mweusi uonekanao mbali sana.

Sasa habari za mahali pa kulala. Mgeni aliyechoka akifika kwenye laga, yaani kijito kikavu cha mchanga, huona amepata kitanda. Mchanga ni laini na sawasawa, kingo zake zazuia upepo, na migunga iliyo kando yatoa kivuli. Mbingu juu yake ni safi, nyota zote zaonekana. Hajui kwamba jioni ile mvua imenyesha katika milima ya mbali ambayo hata umeme wake haukuonekana, na kwamba maji yako njiani. Maji hayo hayaji kidogo kidogo. Huja kwa mkupuo, yakiwa yamebeba magogo na mawe, na sauti yake mtu aliyelala huidhania kuwa ni upepo mpaka yamfikie. Gari lililoegeshwa humo hugeuzwa kama kisanduku cha kiberiti. Kwa hiyo kambi ipigwe juu ya ukingo, na gari lipandishwe juu hata kama watu watasema ni kazi bure. Kazi ile ni ya nusu saa. Na mtu akikuta laga imejaa, asiivuke kwa miguu wala kwa gari. Aghalabu maji hupungua baada ya saa chache, naye aweza kuketi akanywa chai.

Hema lenyewe liwe fupi, mlango wake uelekee upande usiotoka upepo, na kamba zake zifungwe katika mawe makubwa, kwa sababu mchanga haushiki vigingi. Moto uwashwe katika shimo, uzimwe kwa mchanga kabla ya kulala. Cheche moja katika upepo wa Loiyangalani yaweza kuteketeza hema, na katika vijiji vya huko nyumba nyingi ni za makuti na nyasi, kwa hiyo ubaya wa mgeni mmoja hauishii kwake.

Nyoka wa kuangaliwa sana ni yule mfupi wa rangi ya mchanga, ambaye akikasirika hujikunjakunja na kusugua magamba yake yakatoa sauti kama mafuta yakaangayo. Hutoka usiku, naye hujificha chini ya mawe na kuni. Basi mtu asitembee gizani pasipo tochi na viatu vilivyofunika mguu, asiingize mkono chini ya jiwe, na viatu vyake avikung'ute asubuhi, kwa kuwa nge hupenda kulala humo. Hapa pana jambo ambalo wazee waliosoma vitabu vya zamani yawapasa kulisahau. Vitabu vile vilifundisha kuchanja jeraha kwa wembe, kufyonza sumu kwa kinywa, na kufunga mguu kwa kamba mpaka damu isipite. Madaktari wa leo wanayakataza yote matatu. Sumu ya nyoka huyu huizuia damu isigande, hata mtu aliyechanjwa aweza kutokwa na damu isiyokoma, na mguu uliofungwa hufa. Aliyeumwa na alazwe, atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, mguu wake ufungwe gango usitikisike, kisha achukuliwe hospitalini upesi. Wala asirudishwe kambini kwa sababu haumwi sana. Kuna walioonekana wazima kwa siku nzima, ndipo damu ikaanza kutoka katika ufizi. Kabla ya safari, kiongozi wa kundi aulize ni hospitali gani iliyo na dawa ya kupinga sumu, maana si kila zahanati inayo.

Mbu wapo pia, hasa baada ya mvua, na malaria ya huko haichagui mwenyeji wala mgeni. Chandarua kina uzito mdogo, hakuna sababu ya kukiacha.

Lakini yote hayo, madebe ya maji, jaketi na chandarua, hayatoshi ikiwa hakuna mtu ajuaye kundi liko wapi. Zamani za ukoloni, wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa, na mtu wa nje hakuweza kuingia Turkana pasipo cheti cha Serikali. Amri ile iliwatenga wenyeji na nchi yao, na ilipoondoka hakuna aliyeililia. Hata hivyo ilikuwa na faida moja ambayo haikukusudiwa: jina la kila aingiaye liliandikwa katika kitabu, na asiporudi palikuwa na mtu wa kuuliza. Leo msafiri ni huru, na uhuru huo umeihamisha kazi ya kitabu kile ukaiweka mkononi mwake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, na iandikwe karatasi kwa nakala mbili. Majina ya watu wote, na simu za jamaa zao. Namba na rangi ya gari. Mwenye mashua, na rangi ya mashua. Mahali pa kambi, si “kando ya ziwa” tu, bali kijiji kilicho karibu na upande wake. Siku na saa ya kurudi. Na mwisho, neno ambalo watu hulisahau: ikiwa hawajarudi kufikia saa fulani, aambiwe nani. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu asiye msahaulifu. Ya pili apewe chifu wa mahali pale au kituo cha polisi, na huko huko waulize hali ya usalama. Ziko sehemu, hasa kuelekea mpaka wa Ethiopia, ambako jamii jirani zimepigana mara nyingi kwa ajili ya mifugo, malisho na nyavu, na mahali palipokuwa salama mwezi uliopita paweza kuwa pabaya leo. Wanaokwenda katika visiwa na mbuga za Serikali wana ruhusa na malipo yao, na anayevua ana leseni yake. Hayo yajulikane mapema, si ufukoni.

Simu ya mkononi isitegemewe. Mahali pengi haisikii, na betri yake huisha kwa kutafuta mtandao. Wenye uwezo huchukua simu ya setilaiti, na ni fedha zilizotumika vizuri, lakini hata hiyo huwa bubu ikilowa. Karatasi iliyo mezani kwa chifu hailowi.

Na mpango ukibadilika, karatasi nayo ibadilishwe. Kundi lililoandika kwamba litakuwa Eliye, kisha likasikia kwamba samaki ni wengi zaidi kaskazini na kuhama pasipo kumwambia mtu, limewapeleka watafutaji mahali pasipo na mtu, na siku zipoteazo huko ndizo siku ambazo maji huwaishia.

Safari ikisha kwisha, liko jambo moja zaidi. Watu hurudi wamechoka, samaki wameanza kunuka, kila mtu ataka kufika kwake kabla ya usiku, nao hupita mbele ya kituo kile walichoacha karatasi bila kusimama. Saa iliyoandikwa ikifika, polisi huomba mashua, na wavuvi wa kijiji, ambao hawalipwi kwa kazi hiyo, huingia ziwani katika upepo ule ule kutafuta watu wanne waliolala vitandani mwao Kitale.